Jibu Lako kwa Bi Riziki

Maskati, Ijumaa baada ya sala

Mdogo wangu Khamis,

Assalaam alaykum. Salamu nakupa kwa kuwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzie, si kwa kuwa moyo wangu umetulia. Mama hajambo? Kile kifua kimemwachia? Na mpunga wa Mtambile mmekwisha kuvuna? Mie mzima wa mwili, alhamdulillahi. Haya, sasa nisikilize.

Nilipokukabidhi neno la siri la blogu yetu nilikwambia nini? Nilikwambia, "Khamis, kazini huku tunahamia seva mpya, sina nafasi. Weye pitisha maswali ya wasomaji tu, majibu nitaandika mie." Blogu ile tuliianza siye Wapemba tunaotunza database, hizo ghala za kumbukumbu za kompyuta, maofisini, ili mtu wa Wete au Mkoani asiye na mwalimu apate wa kumuuliza, apande kazini bila ya kuvuka bahari kutafuta kozi. Watu wanaiamini. Bi Riziki wa zahanati ya Mkoani aliiamini.

Kauliza kwa adabu zote: kompyuta yenye kumbukumbu za chanjo za watoto imejaa, haiandiki tena, afanye nini? Na weye, fundi simu wa Madungu, ukamjibu kwa jina langu: "Futa faili zote za logi, takataka tu hizo." Takataka! Nani kakwambia? Logi ndimo database inamoandika kila inalolifanya kabla halijakaa mahali pake. Ukiifuta namna ile umemwondolea mtu ngazi naye yuko juu ya paa.

Database haikufunguka tena. Bakapu, ile nakala ya akiba waliyokuwa nayo, ni ya kabla ya Ramadhani, na watoto waliochanjwa tangu hapo hawamo. Mkubwa wake kamwambia akae nyumbani mpaka ijulikane nani kaharibu.

Kisha ukanipigia simu. Nikadhani utalia. Ati, "Dada, lifute lile swali na jibu lake, nani atajua?" Lahaula! Ulipoona nimekukatia, ukamtanguliza Mama. Maskini Mama kanitumia sauti: "Mwanangu, msitiri ndugu yako, aibu yake yetu sote." Mama nimemheshimu, sikumjibu kitu. Weye nakujibu: sitara gani hiyo ya kujifunika nguo ya Bi Riziki, mwenyewe abaki uchi?

Sikufuta. Jibu lako lipo pale pale, na chini yake nimeandika kwamba ni kosa, na aliyeliandika ni Khamis, ndugu yangu, si mie. Nimempigia mkubwa wa Bi Riziki nikamweleza vivyo hivyo. Kanisikiliza vizuri, ila kasema hamrudishi mtu kazini kwa maneno ya simu, anataka kumwona mwenye kosa kwa macho yake. Neno la siri nimelibadilisha, usijisumbue kujaribu.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi utashuka Mkoani, uingie zahanati, useme kwa kinywa chako, "Ni mie." Halafu utafuatana na Bi Riziki nyumba kwa nyumba. Kina mama wanazo kadi za kliniki za watoto wao. Mtazisoma na kuziingiza upya, hata kama mtamaliza mwezi. Ukitukanwa, nyamaza. Wakikukaribisha chai, kunywa na ushukuru. Na mtoto wa mtu akirudiwa sindano aliyokwisha kuchomwa kwa sababu ya ujuaji wako, utajieleza mwenyewe mbele ya Mungu.

Nisalimie Mjomba Kombo, aliyekununulia kompyuta ya kwanza, asijute. Na shangazi yetu Bi Time wa Mtambile, anayejua kila nyumba yenye mtoto mchanga. Mwombe akuoneshe njia, hatakunyima, ingawa atakusema.

Mama mpe salamu zake peke yake. Mwambie kutompigia simu si jeuri. Najua nikiisikia tena sauti yake nitakusamehe, na Bi Riziki bado yuko nyumbani hana kazi.

Dadaako,
Salma