Nilishika Kamba, Mzee Athumani

Mzee wangu Athumani,

Shikamoo. Marahaba nimejiitikia mwenyewe, kwa sauti yako ile ya kukwaruza, mpaka mahabusu wenzangu wakaniuliza kama nina homa. Sina. Niko mzima, niko rumande hapa Kilosa, nakuandikia kwenye karatasi ya daftari. Mwandiko unaujua: niliishia darasa la tano, mwalimu alichoka kabla yangu.

Usishtuke kusikia rumande. Nimekuja kwa miguu yangu.

Arobaini yako ilikuwa haijapoa, hata sufuria za watu hatujarudisha, Tajiri wa Miwani akaingia kitongojini. Unamkumbuka, alikuja ukiwa kitandani, akavua viatu mlangoni lakini miwani ya jua hakuvua, akasema anataka kupanda miwa kuanzia mtoni hadi kwenye nyumba zetu. Ukamjibu umelala vilevile, "Kawaombe nyuki kwanza." Safari hii alileta karatasi zenye mihuri. Zinasema kwetu ni pori lisilo na mtu. Pori, Mzee. Na mkeo Bi Zena anasonga ugali hatua chache kutoka aliposimama. Bi Zena akamuuliza, "Na mimi nani, ngedere?" Tajiri akatupa siku tatu tuhame.

Basi watu wakaja kwangu. Walewale waliokuwa wakinipita mbali, eti Saidi alitoka hifadhini na gobore na harufu ya nyati, sasa naitwa mwanetu. Mwenyekiti wa kitongoji akaninong'oneza, "Saidi, chimbua kile kitu." Sikufichi, nilivimba kichwa. Mimi niliyewatoa jasho askari wa wanyamapori Mikumi nzima, niliyekula maisha Mbeya na Tunduma, niliyevuka mpaka wa nchi nimelala juu ya magunia ya vitunguu, leo kitongoji kizima kinanitegemea. Nilitamani ungeniona.

Halafu nikakumbuka siku uliyonikuta chini ya mti wako wa mizinga, nyuki wamenifanya uso kama boga. Uliniangalia weee. "Jangili," ukasema, "nyati umewaweza, umekuja kushindwa na hawa wadogo?" Ukanipa maji, kisha masharti: gobore iingie ardhini, mimi niingie kazini. Jina hukuuliza. Nikakupa la Saidi, ukalipokea kama mtu anayepokea kuku mgonjwa.

Kwa hiyo nikawaambia gobore haichimbuliwi. Tukifyatua risasi moja tu, sisi ndio tutakuwa majambazi, na yeye ndiye mwenye haki. Siku ya tatu, kumepambazuka, nikafukiza moshi kama ulivyonifundisha, tukashusha mizinga yako yote ya nyuki iliyotundikwa mpakani tukaipanga kwenye majani, pale trekta lazima lipite. Watu wakajifungia ndani. Trekta likaja linanguruma, vijana wake wanne wamening'inia na mapanga. Mzee, nyuki wako hawapendi kelele wala harufu ya dizeli, hilo ulinieleza mara mia. Dereva aliruka likiwa bado linatembea. Wale vijana walikimbilia mtoni na mapanga wakayaacha. Tajiri aliacha miwani. Bi Zena ameitundika jikoni, anasema inamsaidia akikata vitunguu.

Tulicheka siku mbili. Ya tatu, hapakuwa na kicheko.

Maana akili yangu kubwa iliishia hapo. Mpaka wetu ulikuwa ile mizinga juu ya miti, hatuna karatasi, tangu enzi za baba yako nani alihitaji karatasi? Na mimi ndiye niliyeishusha. Tajiri akakimbilia Baraza la Ardhi na picha kwenye simu: mizinga iko chini, mizinga inahamishika, hawa watu wanajichorea mpaka wanapotaka. Hata mimi ningemwamini.

Ikabaki ile desturi yako. Hakuna anayetundika mzinga wa mpakani peke yake. Jirani anashika kamba, kisha anapanda kuiona alama ikichomwa kwenye mti, na huyo ndiye shahidi mpaka afe. Mashahidi wa baba yako wamekwisha. Wa ile miti ya mtoni, uliyoitundikia upya ule mwaka wa mafuriko, ni mmoja. Ni mimi. Na shahidi barazani anaulizwa jina lake la kweli, kwa kiapo.

Bi Zena alinifungia mihogo ya kuchemsha. "Ukikimbia sitakulaumu, mwanangu." Hakusema mihogo ni ya safari ipi. Nilifika njia panda, basi la Mbeya limesimama, kondakta ananiita kaka twende. Miguu yangu inaijua sana kazi hiyo. Nikapanda la Kilosa.

Mwenyekiti wa baraza akauliza, "Jina lako kamili?" Askari yupo mlangoni. Tajiri ananitazama bila miwani, kumbe ana vijicho vidogo vya kuku. Nikasema, Rajabu Mwinyimvua, niliyekuwa jangili Mikumi, ninatafutwa, lakini kwanza andikeni mpaka. Nikawatajia mti mmoja mmoja: alama ya mwezi wenye mkia, imechomwa kwenye panda, upande ambao ukiwa chini huuoni.

Watu wa baraza walikwenda. Wakapanda. Gome limekua pembezoni mwa alama zako, limezikumbatia kama midomo. Alama ya aina hiyo haichomwi jana.

Mpaka umebaki wetu, Mzee. Mpaka wa nyuki, na sasa umeandikwa.

Gobore nimewaonyesha ilipo, imekula kutu. Kesi yangu bado. Wanaweza kunipa miaka, wanipe. Nimekimbia miaka mingi kuliko hiyo na sikuwahi kufika popote isipokuwa kwako. Askari mmoja keshaniuliza kama naweza kumpatia asali. Nimemwambia afike kwa Bi Zena, asivae miwani.

Kuna jambo moja linaniuma. Jina langu la kweli wamelisikia wageni kabla yako. Ulikula nami ugali miaka yote hiyo...

Basi. Nikitoka nitaipandisha mizinga yako mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na kila mti nitautafutia mtu wa kushika kamba, atakayejulikana kwa jina lake. Tajiri akirudi kabla yangu, nyuki wapo, na Bi Zena yupo, na sijui nani mkali zaidi.

Pumzika, Mzee wangu. Mpakani pana watu.

Mimi Saidi wako,
Rajabu Mwinyimvua