Gwaride la Meno

Kyebando, Jumanne

Nimeudhika, na bado nacheka. Tangu nesi aniambie kwamba yale madoa meupe kwenye meno ya Komakech ni mwanzo wa kuoza, nimemnyima chupa ya chai ya sukari wakati wa kulala na nimembembeleza kwa nyimbo apigwe mswaki. Ana miaka miwili na anang'ata kama mamba. Nilishaanza kuogopa kwamba nalea kibogoyo.

Leo baba yake akarudi kutoka kambini na magwanda yake, akanguruma mara moja tu: "Mguu sawa! Fungua mdomo!"

Mtoto akasimama wima, akaachama mpaka nikaona koo. Nikasugua yote, hata ya nyuma. Mimi na nyimbo zangu zote!

Kisha Komakech akamgeukia baba yake. "Baba! Sawa! Fungua!"

Sajenti mzima, anayemkwepa daktari wa meno tangu tuoane, akatii. Mtoto akachungulia lile gego bovu, akatikisa kichwa.

"Baba, hakuna chai."

Sasa Baba Komakech amekubali kwenda kung'olewa kesho. Sharti lake ni moja: mtoto awepo, ampe amri.