Kumbe Piramidi Lilikuwa Jeupe

Usagara, Tanga. Alhamisi, baada ya isha, 1955

Kumbe piramidi kubwa la Misri lilikuwa jeupe! Lilivikwa mawe laini yanayong'aa, kisha watu wa Kairo wakayabandua wakajengea misikiti na nyumba zao. Nimeyasoma leo gazetini, nikafurahi kama mtoto.

Nilipofika nyumbani niliita tangu mlangoni, "Zuhura, njoo usikie!"

Mke wangu nilimzika mwezi wa Rajabu, na ulimi wangu bado haujazoea.

Nikatoka kwenda kumwambia jirani, Bi Mwanaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, wali upo. Kaa ule."

Nikala, nikashukuru. Lakini Zuhura angeniuliza ni nani aliyethubutu kupanda kule juu kuyabandua. Nisingejua, naye angenicheka.