Nani Anakula Klorini Yetu?

Nyumba ya Kona,
Jumapili, 23 Februari.

Mpendwa binti yetu,

Hujambo mwanangu? Mumeo naye hajambo? Na huyo mdogo anayeota meno, ameanza kulala au bado anawakeshesha? Sisi huku tu wazima. Kwangu ni shingo tu: mtu akiniita kutoka nyuma, inanibidi nigeuke mwili mzima kama lori.

Mama yako mdogo anakusalimu sana. Najua unachotaka kujua ni habari za goti lake lililopasuliwa. Jibu lake linapitia kwenye bwawa letu la kuogelea, kwa hiyo nivumilie.

Unakumbuka mtaalamu wa mazoezi alimwagiza atembee ndani ya maji kila siku, maana maji humbeba mtu na goti halilemewi. Basi siku moja mtaalamu huyo aliyapima maji akakuta klorini karibu hakuna. Akapiga marufuku: kovu bado bichi, na maji yasiyo na dawa hayaingiwi. Mama yako mdogo akarudishwa kwenye kutembea kwa kushika ukuta wa korido, kazi asiyoipenda hata kidogo. Haukupita muda, goti likaanza kukakamaa naye akaanza kununa. Kununa sikukuogopa, nimekuzoea. Niliogopa kule kukakamaa.

Shemeji yangu, yule tunayemwita Waziri kwa kuwa hana wizara lakini kila jambo ana kauli, alikuwa na jibu tayari.

"Hili si bwawa la chumvi? Basi chumvi imepungua!"

Sijamaliza kuvaa viatu, ameshamwaga mifuko yote ya chumvi. Mashine ya kutengeneza klorini ikawasha taa nyekundu na kugoma kabisa. Mama yako mdogo akamwita kutoka dirishani, "Umeshaunga mchuzi, kaka? Onja basi!"

Watu wengi hudhani chumvi ndiyo inayosafisha maji. Sivyo. Chumvi ni malighafi tu. Mashine hupitisha umeme katika maji ya chumvi, na hapo ndipo klorini inapozaliwa. Ikishafanya kazi yake hurudi kuwa chumvi. Kwa hiyo chumvi haiishi ovyo, labda maji yenyewe yamwagike. Ilitubidi tutoe theluthi ya maji na kujaza mengine yasiyo na chumvi, ndipo taa ikazimika.

Klorini bado ikawa chini. Nikazima umeme (hili usilisahau kamwe), nikafungua mashine, nikakuta vibati vyake vimeshika ukoko mweupe kama wa ndani ya birika kuukuu. Nikaviloweka kwenye siki mpaka vikang'aa. Bado.

Ndipo uliponishauri kwenye simu nitupe mashine na kununua nyingine. Sikukataa kwa ubishi, mwanangu. Nilitaka kwanza kujua kama mashine haitengenezi klorini, au inatengeneza na kuna anayeila. Hayo ni mashtaka mawili tofauti, na mshtakiwa si mmoja.

Nikapima maji jua lilipozama, nikayapima tena kabla halijachomoza. Vipimo vikalingana. Maana yake usiku, mashine ikiwa imelala, hakuna kilichopungua. Si uchafu basi, wala si mwani. Lakini mchana, mashine ikichapa kazi, klorini ilizidi kushuka. Mlaji wetu alikuwa wa mchana. Nikainua uso, na jua likanipiga machoni pale pale ambapo miaka yote palikuwa na kivuli. Jirani alikuwa ameukata mti wake uliotandaza matawi juu ya ukuta wetu! Tena aliukata kwa wema, kwa sababu tulilalamika kwamba majani yanajaa bwawani, na sisi tukamshukuru kwa keki nzima.

Jua huiunguza klorini. Ipo dawa ya kuikinga, ambayo mti ulipokuwapo hatukuihitaji sana, na hiyo kidogo tuliyokuwa nayo tuliipunguza wenyewe tulipotoa yale maji. Nikanunua nyingine, nikaitia ndani ya soksi na kuining'iniza mbele ya tundu linalorudisha maji, ili iyeyuke polepole.

"Soksi ya nani hiyo?" Waziri akauliza.

"Yako, shemeji."

"Basi dawa ya nini tena?" akadakia dada yake. "Hiyo peke yake inaua kila kitu."

Klorini ikapanda, na safari hii ikakaa. Mtaalamu akaja, akapima kwa mkono wake, akaruhusu.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama katikati ya bwawa, maji kifuani, nikichota ya kupima. Mama yako mdogo alikuwa akitembea kandokando kwa kushika ukingo, kama kawaida. Mara akauachia. Akaja moja kwa moja kwangu, mikono ameitandaza juu ya maji, midomo ameikaza. Nikanyoosha mkono nimshike.

"Nipishe," akasema. "Napita."

Nikampisha.

Msalimie mumeo, na huyo wa meno umbusu shavu lile lisilouma. Baba yako akipiga simu, mwambie mdogo wake anamkumbuka. Waziri naye anawasalimu na kuuliza kama huko kuna bwawa lenye tatizo. Mungu awalinde mtokapo na mrudipo, na atukutanishe sote tukiwa na magoti mazima.

Nami ni wako nikupendaye bila kupungua,

Baba yako mdogo