Mikono Itakayomimina Mursik

Mama,

Tangu tukuzike pale chini, karibu na majani ya chai, mengi yamebadilika. Ng'ombe wako mweusi amezaa tena, jike. Baba hulalamika kwamba chai ninayompelekea haina maziwa ya kutosha, lakini najua anakutafuta wewe. Na mimi, Mama, nimepata mikono yako.

Ilianza kwa kuwasha kati ya vidole. Ngozi ikawa nyeusi na nene, ikakauka, ikapasuka, mpaka kuchuma majani asubuhi yenye umande kukawa mateso. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya: maji moto, sabuni ya kipande, kusugua. Ulikuwa ukisugua mikono pale mlangoni kabla ya kukamua, mahali ambapo kila mpita njia angekuona, ili wasiseme maziwa yako ni machafu. Na bado walisema. Ukipeleka mursik kwenye harambee ya kanisa, ulirudi na kibuyu kimejaa maziwa ya mgando vilevile.

Siku ya koito yangu, wageni walipokuja kuniposa, senge, dada yake Baba, alikichukua kibuyu mkononi mwako kwa upole. "Wacha nikusaidie, Mama Cherono. Wewe pumzika." Hakuwa na ubaya. Ukakaa jikoni, mikono ndani ya leso, mpaka wageni wakaondoka. Mama ndiye huwamiminia wageni wa binti yake, na maziwa ya binti yako hukuyamimina. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Ni Chelangat wangu, mjukuu wako, aliyenikokota hadi kliniki Litein. Nesi alishika mikono yangu bila glavu, Mama. Aliigeuzageuza kama mtu anayechagua viazi sokoni. "Huu ni ukurutu," akasema. "Wengine wanaita pumu ya ngozi. Haiambukizi mtu. Na hiyo sabuni ndiyo inakuumiza." Nililia mbele yake, na sikuwa nikilia kwa ajili yangu.

Akanieleza kwamba ngozi yetu haishiki unyevu vizuri, na kwamba shida hii mara nyingi hutembea katika ukoo pamoja na pumu. Nikamkumbuka kaka yangu na kile kifua chake cha utotoni. Kumbe kila uliposugua, ulikuwa ukiondoa hata ule unyevu kidogo uliobaki. Sasa nanawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo na manukato, na kabla mikono haijakauka vizuri naipaka mafuta mazito ya mgando. Nikiosha vyombo navaa glavu za pamba ndani ya zile za mpira. Ikichachamaa kuna dawa ya kupaka, kidogo, kwa siku alizoniambia tu. Haijaisha, na aliniambia wazi kwamba itakuwa ikienda na kurudi. Baridi ya wiki hii imeirudisha kwenye kidole gumba. Lakini usiku nalala.

Jumamosi ni koito ya Chelangat. Wageni wanatoka Siongiroi. Jana senge alikuja, amezeeka sasa, akakitazama kidole gumba changu. Akasema yaleyale, kwa upole uleule, kwamba atanisaidia kumimina. Nilikuwa karibu kukubali.

Chelangat alikuwa akisonga kimyet, ule ugali wetu, na hakuinua hata kichwa. "Mursik ni Mama atamimina," akasema. "Kama kuna mtu hataki kunywa, arudi na ng'ombe zake."

Senge akaomba kuona mafuta ninayopaka, akayanusa, akauliza yanauzwa wapi.

Leo nimekitoa kibuyu chako, kile chenye shanga. Nimekiosha nikiwa na glavu, na najua ungenicheka. Nakuahidi, Mama, Jumamosi sitakaa jikoni. Nitatoka mbele ya watu wote na mikono wazi, na kikombe cha kwanza nitampa senge. Akikirudisha kimejaa, nitakinywa mwenyewe pale pale wakiniona, kisha nitamimina kingine.

Lala sasa, pumzika. Mikono yako haikuwa michafu hata siku moja.

Binti yako,
Cherono