Vidole Vyenye Udongo wa Kibirichia

Doha, Jumapili mchana

Dada yangu Kawira,

Pokea salamu kutoka huku kwenye joto linaloyeyusha soli za viatu. U mzima? Koo limepona baada ya zile kelele zote za kampeni? Na magoti ya Mama yanaendeleaje na baridi hiyo ya kwetu? Mimi sina neno. Bado naendesha ile mashine ya kuinua mizigo ghalani, na wiki hii msimamizi amenikaripia mara mbili kwa sababu nacheka peke yangu. Wa kulaumiwa ni wewe. Umeshinda mchujo! Hebu niandike tena nione inavyokaa kwenye karatasi: Kawira wetu ameshinda tiketi ya chama, anaenda kugombea uwakilishi wadi!

Nimeamua kuandika kwa kalamu, na barua hii italetwa na Hassan wa Maua, ninayeishi naye chumba kimoja, kwa maana anakuja likizo. Mdomo wangu kwenye simu ndio ulikuumiza. Tangu siku ile tukipigiana tunazungumza habari za Mama, mvua na shamba tu, kisha tunaagana kama wageni. Kwa hiyo kosa langu nalitaja lote hapa.

Lile kundi la simu la wafuasi wa chama hapo wadi ya Kibirichia nililianzisha mimi. Kinara wa chama na naibu wake walipokosana Nairobi, kundi likawaka moto. Wakataka kila mgombea arekodi video ya kumlaani naibu kinara. Mpinzani wako Kirimi akarekodi siku hiyo hiyo, tai shingoni, akapigiwa makofi ya vikatuni mpaka simu yangu ikaisha chaji. Wewe ukaandika maneno machache: "Mimi naongea juu ya lumbesa. Mkulima anajaza gunia, mnunuzi anaongeza kilemba cha wavu juu, halafu analipa kama gunia moja. Hiyo vita yenu ya Nairobi iko wapi kwa gunia?"

Wakakuita msaliti. Nami, mtoto wa mama yako, nikakutumia sauti: "Kawira, rekodi hiyo video ama ujitoe. Watu wameongea." Ulitoka kwenye kundi, na nilipopigisha kura ya majaribio humo ndani, Kirimi alikushinda vibaya sana. Nilijifungia bafuni nikalia, nikiamini umejimaliza kwa kichwa chako kigumu.

Sasa nikuambie mambo ambayo hukuyaona kwa sababu ulikuwa umeshatoka.

Siku ya mchujo niliandika kwenye kundi: "Aliyepiga kura atume picha ya kidole chenye wino." Nilitaka tu kuchangamsha watu. Weee! Visingizio vikaingia. Yule Njeru anayetishia watu kila asubuhi akaandika: "Mimi ni wa Kibugu bana, huku Embu nachuma chai. Lakini roho yangu iko na nyinyi." Mwingine akasema yuko Laare kwa biashara ya miraa na huko ndiko alikojiandikisha. Wa tatu: "Kadi yangu ilipotea kitambo, buda." Nikapata wasiwasi. Nikarudi nyuma nikasoma miezi yote, nikahesabu walioandika kila siku. Kawira, kundi lile lina mamia ya watu, na waliokuwa wakipiga kelele ni kumi na wawili! Wa kumi na tatu ni mimi, ambaye kadi yangu ya kura imelala kwenye sanduku la Mama.

Halafu vidole vikaanza kuingia. Kimoja, viwili, kisha vikamiminika, vya watu ambao sijawahi kuona wameandika hata neno moja. Vidole vyenye wino na udongo mweusi kwenye kucha, vya watu waliotoka shambani wakapiga foleni. Kidole kimoja nilikijua kabla ya kusoma jina, kile kilichopinda tangu kilipokatwa na jembe. Nikapiga simu mara moja.

"Mama, kumbe uko kwa kundi?"

"Si ni wewe uliniweka?"

"Na mbona huandikangi?"

"Niandike nini, Mutuma? Hao vijana wako wanapigana kutoka asubuhi. Mimi naangalianga kama kuna picha ya Kawira, halafu nazima data. Mama Karimi hapo jirani pia ni hivyo tu. Chama tunapenda, eeh, lakini chama haichimbangi waru."

Nilisimama katikati ya ghala nikacheka kama mwendawazimu. Mama amekipigia chama hiki kura miaka yote, kuliko hata Njeru! Lakini kwake chama ni kitu kimoja kati ya ng'ombe, kanisa na viazi. Sisi wa kundini tumekifanya timu ya mpira, tunaamka nacho na kulala nacho, na kwa kuwa yeye alinyamaza tukadhani amekubali kila tulichosema. Nilikuambia watu wameongea, na watu hawakuwa wamefungua mdomo. Nisamehe, dada.

Na ile Jumamosi! Uliniambia uliamka ukakuta watu wamejaa shambani wakichimba viazi vyako vilivyokuwa vikioza ardhini wakati unazunguka kuomba kura, na hujui nani aliwaita. Sikiliza basi. Matokeo yalipotangazwa, wale kumi na wawili waliandika "Tumeshinda!" mfululizo, hata waliokuita msaliti. Nikachoka nao. Nikamfanya Mama msimamizi wa kundi. Akaandika ujumbe wake wa kwanza kabisa: "Waru za Kawira zinaoza. Jumamosi asubuhi. Kila mtu akuje na jembe yake."

Wale kumi na wawili, kimya. Wenye vidole wakajibu mmoja baada ya mwingine: "Nakuja." "Nakuja." "Nakuja na bibi yangu." Nami nikaandika "Nakuja", nikaitazama, nikaifuta, kwa sababu nilikuwa Doha.

Nisalimie shemeji Muriuki aliyebeba vipaza sauti mabegani bila kulalamika, Mama Karimi jirani yetu, na watoto wako wote. Mpokee Hassan kwa chai ya maziwa mengi, ni mtu mwema.

Na umwambie Mama atoe kadi yangu kwenye sanduku. Likizo yangu imekubaliwa, nitakuwa nyumbani wiki ya uchaguzi. Safari hii na mimi nitatuma kidole.

Ndugu yako anayekuonea fahari,
Mutuma