Nimewatoza Wanangu Kodi ya Sahani

Mpendwa mshauri, salamu nyingi, mimi siyo mtu wa kuomba msaada na hapa mtaani wanajua, mimi ndiye niliyeezeka mapaa ya nusu ya mji huu na hakuna hata moja linalovuja mpaka leo, nenda kaulize, lakini safari hii naomba unisaidie kwa sababu jambo lenyewe limenikaa kooni na siwezi kumwambia mtu ninayemwona usoni. Shule niliishia darasa la pili, basi ukikuta herufi zimelala, zinyanyue mwenyewe.

Nakaa na wanangu kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Binti yangu mkubwa ni muuguzi, ana mshahara. Mdogo wake ni fundi pikipiki, tunamwita Spana. Na yupo mkwe wangu, mke wa mwanangu aliyefariki, anashona sare za shule kwa cherehani pale barazani, ana watoto watatu, wawili ni pacha, basi tunamwita Mama Pacha. Zamani sheria yangu ilikuwa kila mtu anatoa ya jikoni kulingana na anachopata, mwenye kingi kingi, mwenye kidogo kidogo, na mimi sitoi maana nimeshatoa nyumba. Tatizo mshahara wa muuguzi unajulikana, hauna pa kujificha, lakini Spana kila mwisho wa mwezi anakuja na uso wa msiba, "Baba, kazi mbaya, pikipiki haziharibiki siku hizi," na huku miguuni ana viatu vipya. Basi muuguzi akawa analisha nyumba nzima, mpaka siku moja akaniambia, "Baba, nasimama wodini hadi miguu inavimba, halafu naadhibiwa kwa sababu tu changu kinaonekana." Nikaona ana haki.

Ndipo nikasikia kwenye redio wakubwa wanajadili kuondoa kodi ya mapato na kuiweka yote kwenye mauzo, yaani hukatwi unapopata, unakatwa unaponunua. Mshauri, nilipiga makofi peke yangu. Nikawakusanya nikatangaza, kuanzia leo hakuna kuulizana nani anapata nini, kila sahani ina bei yake, nyama mbali, maziwa mbali, anayekula ndiye anayelipa, na hata mimi nitalipa. Nikaweka mkebe karibu na sufuria, nikakaa hapo kwenye kigoda kama bwana forodha. Kinyozi wetu alipobisha nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba sheria yangu ni bora kuliko ya serikali na haitabadilika mpaka nife.

Na kweli mwanzoni ilinoga. Muuguzi akapumua, akaanza kuweka akiba ya kozi anayoitamani, akawa anaimba akifua nguo, na mimi sijamsikia akiimba tangu mama yake alipotutoka. Spana naye akakosa pa kujificha, maana yule anakula kama ana wageni tumboni, na kila sahani analipa. Lakini ni mjanja, haukupita muda akaanza kula mgahawani huko karibu na gereji, akirudi anajipapasa tumbo, "Baba, mimi leo nimeshiba hewa." Mkebe ukawa mwepesi, nikapandisha bei ya sahani. Mama Pacha hakulalamika, akawa tu anaketi na watoto, wao wanakula yeye anawapulizia chakula kipoe, nikimuuliza anasema ameshaonja jikoni.

Halafu nikaugua kifua, nikalala ndani. Kila asubuhi nikiamka nakuta kikombe cha maziwa ya moto kando ya kitanda, na vijisenti vyangu vilikuwa vimekwisha kabisa, nikajua huyo ni muuguzi, anajua mambo ya wagonjwa. Nilipopata nguvu nikamshukuru mbele ya wote. Akashangaa, "Baba, mimi natoka hujaamka. Siyo mimi." Mmoja wa wale pacha akadakia, "Babu, hayo ni ya mama! Mama ameacha maziwa, anasema yanamchafua tumbo." Mama yake akamfinya. Nikamwangalia vizuri yule mwanamke, mshauri, gauni linaning'inia kama limeanikwa. Nikasema nini? Nikasema nyumba hii ina vumbi, nikatoka nje.

Sasa amekuja kuniambia kwa heshima zote, "Baba, nimepata chumba karibu na soko. Mwisho wa mwezi nitahamia huko na watoto, tusiendelee kukulemea." Kunilemea mimi! Wale watoto wana masikio ya baba yao, yale yale. Nikashindwa kumwambia abaki, kwa sababu nikisema abaki lazima nifute sheria, nikifuta muuguzi anarudi kwenye mateso yake, Spana anacheka, na kinyozi anapata la kusema mwaka mzima. Na nisipofuta wanaondoka. Nifanye nini?

Mimi, Bingwa wa Mapaa

JIBU

Mzee wangu Bingwa wa Mapaa,

Pole kwa kifua, na pole kwa moyo, maana huo ndio unaokuuma. Sasa nisikilize bila kunikatiza.

Binti yako alikuwa anaonewa, hukukosea kuliona hilo. Kumbana mtu kwa kuwa tu mapato yake yanajulikana na kumwachia anayeficha, hiyo siyo haki, na wanaotaka kodi ihamie kwenye mauzo wana hoja hapo. Anayeficha mfuko ataonekana akinunua, na anayejinyima ili aweke akiba haguswi.

Lakini redio uliisikiliza nusu, ukakimbilia mkebe. Muuguzi akishakula, kuna kinachobaki. Mama Pacha kila anachopata kinaishia kwenye vinywa vinne. Bei ya sahani ni moja kwenu nyote, ila yeye inamla mpaka mfupa. Na ulipoipandisha, ulimpandishia nani, baba? Spana alishahamia mgahawani. Aliyebaki mbele ya mkebe ni yule asiye na pa kwenda. Hata wewe, kwa sheria yako mwenyewe, ulitakiwa ulale na kikombe kitupu. Mtu mmoja aliivunja ili wewe upone, nawe ukasingizia vumbi.

Kama nchi ifuate njia hiyo au isifuate, wajuzi bado wanabishana, wengine wanasema basi chakula kisitozwe, wengine wanasema wenye kidogo warudishiwe, na mimi ubishi huo siwezi kuumaliza hapa. Nyumba yako naiweza. Chakula cha kila siku na maziwa ya watoto na ya mgonjwa visiwe na bei kabisa, viwe vya wote, na sufuria ijazwe kulingana na mtu anachopata. Fungu la muuguzi lipunguze, akiba yake ya kozi usiiguse. Mkebe ubaki kwa anayetaka soda na nyama ya kuongeza. Spana ndiye wa kuziba pengo. Chukua kigoda chako ukakae gereji kwake siku nzima, usiseme kitu, tazama tu pikipiki zinazoingia na kutoka. Mkirudi nyumbani atakuwa na adabu. Na wewe acha kujificha nyuma ya kuta, eti umeshatoa nyumba. Mkwe wako anashonea barazani, jua lake, mvua yake. Mjengee kibanda cha kazi, ukiezeke wewe.

Kinyozi mwache aseme. Akizidi, fuga nywele.

Hayo yote ni ya baadaye. La kwanza ni Mama Pacha, na hilo halihitaji kikao. Nenda pale kwenye cherehani, msubiri amalize mshono alioushika, umwambie unajua maziwa yalitoka kwake na ulikosa ujasiri wa kusema asante. Umwambie, "Mwanangu, baki." Usimweleze habari za kodi. Usimtajie ulichojenga. Akilia mwache alie, na wewe ukilia sitamwambia mtu. Anaweza akakataa, ana haki hiyo. Akikataa, mbebee mizigo mpaka kwenye hicho chumba, kisha umwombe tena mlangoni.

Nimemsihi mhariri alitoe jibu hili kabla ya mwisho wa mwezi, naye amekubali. Kwa hiyo Mama Pacha bado yupo hapo barazani. Weka gazeti chini, uende.